Bahari Yangu na Hita ya Mama

Watu wakisikia kazi yangu huniheshimu kwa muda mfupi sana. "Mtafiti wa bahari!" wanasema, macho yanawatoka. Halafu wanauliza kama naogelea vizuri, nawajibu sijui kuogelea. Wanauliza nimeona nyangumi wangapi, nawajibu kwamba mimi nikipanda boti natapika kabla kamba haijafunguliwa. Hapo heshima inakwisha na tunarudi kuongelea mvua.

Bahari yangu mimi imo ndani ya kompyuta, ghorofa ya tatu ya taasisi, katika chumba ambacho dirisha lake linatazama maegesho ya magari. Haina samaki, haina kisiwa, haina hata ufuo wa kuanikia taulo. Ina upande wa kulia na upande wa kushoto, basi. Mdogo wangu wa kiume, ambaye hajawahi kupitwa na nafasi ya kunitania, ananiita Daktari wa Beseni, na wanawe wamelidaka jina hilo hivyohivyo. "Shikamoo, shangazi Beseni." Naitikia marahaba, nifanyeje?

Nijitetee kidogo. Bahari ya kweli ina mambo mengi mno, na yote yanatokea kwa wakati mmoja. Ukitaka kuelewa jambo moja, huna budi kuyaondoa mengine yote uone kinachobaki. Mimi niliondoa visiwa, nikaondoa dhoruba, nikaondoa hata majira ya mwaka, jua langu likawa linawaka vilevile siku zote. Nilichokiacha ni uchelewaji. Upepo unayalundika maji ya moto upande mmoja. Upepo ukilegea, maji yale yanarudi upande wa pili na bahari ya huko inapata joto. Lakini wakati huohuo, chini kwa chini, linaondoka wimbi zito na la polepole kwenda kinyume. Linagonga ukingo wa mbali, linageuka, na baada ya miezi linarudi likiwa limebeba ubaridi. Yaani bahari inafanya jambo leo, na jibu linaifikia wakati yenyewe imeshasahau swali. Inajirekebisha kwa mambo ya zamani, inapitiliza, inapoa kupita kiasi, halafu inaanza upya.

Tabia hiyo niliielewa bila kufungua kitabu, maana ndiyo yangu. Kwetu inajulikana kwamba mimi ukiniuliza jambo leo, uje uchukue jibu wiki ijayo. Zamani kuna kijana mmoja, mpole, mtanashati, aliniuliza kama nitakubali kuolewa naye. Nilimwomba muda nifikiri. Nilifikiri vizuri sana, nikazipima pande zote, nikaridhika, na siku niliyomfuata kumpa jibu alifurahi kuniona kwa sababu alikuwa ananitafuta anikabidhi kadi ya harusi yake. Nilikwenda. Nilicheza mpaka viatu vikaniumiza.

Kwa hiyo niliishi peke yangu, na mwaka jana mama akaja kukaa nami, goti lilipomshinda na ngazi za kwake. Mama alikuwa muuguzi, tena sista mkuu wa wodi, na ingawa yeye alistaafu siku nyingi, wodi haijastaafu ndani yake. Bado anavaa ile saa ya kubandika kifuani, inayoning'inia kichwa chini. Chai ina saa yake, dawa ya presha ina saa yake, mashuka yana siku yake, na kuoga ni saa kumi alasiri, si kabla wala si baada. Mimi nami si haba. Naamka saa ileile, naoga saa kumi na mbili asubuhi, naweka funguo kwenye kibakuli kilekile. Watu wawili wenye utaratibu kama sisi, ungesema nyumba itakwenda kama mashine ya cherehani.

Nilifurahi mno alipokuja. Naomba niliseme hilo wazi hapa, maana yeye mwenyewe sikumwambia. Kurudi nyumbani ukakuta taa inawaka jikoni na mtu anakuuliza mbona umekonda, hilo ni jambo kubwa kwa mtu aliyezoea kusalimiwa na jokofu. Nilipanga kumwambia. Nilikuwa bado natafuta maneno.

Sasa, hita. Nyumba ninayoishi ilijengwa na mtu mwenye familia kubwa, akaweka hita ya maji inayoweza kuogesha timu ya mpira pamoja na wachezaji wa akiba. Imo kwenye kabati la koridoni, na chini yake kuna kidude cha kuzungusha chenye namba moja mpaka tano. Hita ile ni nzito na mvivu. Ukizungusha kidude leo asubuhi, maji yanapata habari kesho. Nilipokuwa peke yangu tulikuwa na mchezo wetu. Naoga, nakuta maji ya baridi, napandisha. Kesho yake bado baridi, napandisha tena. Keshokutwa yanatoka ya kubabua ngozi, nashusha, kisha nashusha tena, tunarudi kwenye baridi. Mtu mwenye akili angekaa akasubiri. Mimi nina shahada tatu, nilikuwa nazungusha. Lakini mchezo ulikuwa na mpangilio wake, na nilijua kabisa baada ya siku ya baridi inakuja siku gani.

Mama alipokuja, mpangilio ule ulikufa. Wiki nzima maji yanakuwa mazuri, ya kuimbia. Halafu bila sababu yoyote barafu. Halafu moto, baridi kidogo, moto tena, moto zaidi. Nilikuwa nasimama mlangoni pa bafu kila asubuhi roho juu, nimenyoosha kidole kimoja mbele kama mtu anayepima pasi. Nikimfikiria mama na alasiri yake, nikikuta ya moto nashusha kidude asije akaungua, nikikuta ya baridi napandisha asije akatetemeka. Nilifanya hivyo kimyakimya, kama wema unavyofanywa, nikatoka kwenda kazini nimeridhika na nafsi yangu.

Nilimwita fundi bomba. Alikuja, akabadilisha kifaa fulani. Alikuja tena, akabadilisha kifaa kingine. Mara ya mwisho aliifungua hita yote, akaitazama kwa tochi, akaifunga. "Dada," alisema akijifuta mikono, "hita hii ni nzima kuliko mimi na wewe."

Huko kazini nako yalikuwa yaleyale, ila mimi sikuona. Mkuu wa idara yetu ni mzee mmoja safi, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, na tunamwita Bwana Mstari, kwa kuwa mchoro wowote asipouona umetulia au unakwenda na kurudi kwa hesabu, anakunja uso. Aliipenda sana bahari yangu ilipokuwa inapanda na kushuka bila kukosea. Akasema kilichobaki ni kuirudishia majira ya mwaka, maana ni aibu kuwaonyesha wageni bahari isiyojua kiangazi wala masika. Kazi ndogo. Niliyarudisha majira kabla ya chai.

Bahari ikapandwa na wazimu. Sijui niseme vipi. Ilikuwa inapata joto kila baada ya miaka mitatu, kisha ikaruka mpaka minne, kisha vipindi viwili vya joto vikafuatana, kisha kimya kirefu mtu ukadhani imekufa. Na humo ndani sikuwa nimeweka bahati nasibu hata chembe, hakuna kete wala karata. Niliiendesha mara mbili, tofauti ya mwanzo ikiwa ndogo kama punje ya sukari kwenye sufuria ya chai. Miaka ya mwanzo zilikwenda bega kwa bega kama pacha waliovalishwa sare. Halafu moja ikaenda motoni na nyingine baridini, hazikujuana tena.

Mimi nikaamua kuna kosa. Mtu mwingine angeuliza bahari inafanya nini, mimi niliuliza nani kaiharibu. Nilikagua hesabu mstari kwa mstari. Nilimlaumu mtu wa kompyuta mpaka akawa anapita ngazi za nyuma. Niliilaumu kompyuta yenyewe, nikaomba nyingine, nayo ikapata wazimu uleule. Sehemu ya maji ilikuwa sahihi. Sehemu ya jua ilikuwa sahihi. Kila moja peke yake ilikwenda kama saa ya mama. Nikiziweka pamoja, vurugu.

"Nani anaivuruga bahari yako?" Bwana Mstari aliniuliza, akanipa mpaka semina ya Ijumaa ya wiki inayofuata. Nimlete mwenye kosa, au niyatoe majira, mambo yaishe.

Wiki hiyohiyo mama aliungua. Alifungua bomba la mvua saa yake ya kumi, maji yakatoka ya moto wa kutisha, yakampata mkono kuanzia kiwiko mpaka kwenye vidole. Niliporudi nilimkuta ameshajitibu, amekaa jikoni mkono umefungwa bandeji nyeupe, iliyonyooka kuliko mwandiko wangu. Alikuwa mtulivu. Mimi ndiye niliyekuwa natetemeka, na mtu anayetetemeka anaongea ovyo.

"Mama," nikasema, "umeiharibu hita?"

Alinitazama. "Mimi sijaharibu kitu."

"Mtu kaiharibu!"

"Si mimi," akasema, akainuka kwenda chumbani, na usiku ule chai alikunywa peke yake.

Jumapili mdogo wangu akaja kutusalimia, akaiona bandeji. Utani wote ulimtoka. Alisema mambo ambayo hata mimi ningeyasema: kwamba mama ni mtu mzima, kwamba ngozi ya mtu mzima si ya kufanyiwa majaribio, kwamba kwake kuna chumba chini kisicho na ngazi na wajukuu wa kumchangamsha.

"Mama anahamia kwangu," akamaliza. "Ijumaa saa kumi nakuja kumchukua."

Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, na alinitazama kwa muda mrefu, kama anayesubiri namba ya kipimajoto ipande. Ndani yangu kulikuwa na neno moja tu, usiende, na lilikuwa linakuja. Naapa lilikuwa linakuja. Lilikuwa limefika labda kifuani.

"Tutaona," nikasema.

"Hakuna cha kuona," mama akajibu. "Ijumaa saa kumi nitakuwa tayari."

Kesho yake sanduku lake lilikuwa koridoni. Kila siku liliongezewa kitu: viatu vya ndani, redio, ile picha yake na wauguzi wenzake. Kila asubuhi nililipita nikiwa na taulo mkononi, na kila asubuhi nilijiambia jioni nitasema. Ofisini niliandika maneno ya kumwambia, nikayafuta, nikayaandika upya kwa mpangilio mzuri zaidi. Mama alidhani nimemchoka. Niliona kabisa kwamba anadhani hivyo, kwa jinsi alivyoanza kuniomba ruhusa ya kutumia sufuria. Moyo uliniuma, na mimi, mtu mzima na nywele zangu za mvi, nilikuwa bado natafuta sentensi ya kufungulia.

Ijumaa ikafika na neno lilikuwa limefika kooni. Semina ilikuwa saa nane mchana. Chumba kilijaa, Bwana Mstari amekaa mbele na kalamu tatu mfukoni, na mimi nimesimama pembeni ya mchoro wangu wa wazimu bila mwenye kosa wa kumkabidhi. Nilifanya ninachofanya siku zote nikibanwa. Nilianza na mfano wa bafuni, ule ninaowapa wanafunzi wanaotutembelea.

"Mtu anaoga," nikasema. "Maji ya baridi, anazungusha. Maji yanachelewa, anazungusha tena. Yanakuja ya moto, anarudisha, anapitiliza. Hiyo ndiyo bahari yangu kabla ya majira. Inapanda na kushuka, lakini kwa mpangilio, kwa sababu anahangaika peke yake."

Bwana Mstari akatikisa kichwa kukubali. Hapo anapenda.

"Sasa tuseme ndani ya nyumba kuna mtu wa pili. Huyu ana ratiba. Hapimi maji, hamwulizi mtu. Siku yake ikifika anazungusha, kama jua linavyoleta majira yake bila kuuliza bahari iko katika hali gani. Huyu peke yake hana tatizo. Yule peke yake hana tatizo. Lakini mzunguko wa kwanza unataka miaka mitatu na nusu, na jua linataka mmoja. Haviingiani. Bahari inajaribu kushika hatua na jua, mara kwa miaka mitatu, mara kwa minne, na kila ikikaribia kushika inateleza. Kitu kidogo kabisa kinaamua iangukie wapi. Yule wa kwanza anarekebisha, hajui kwamba na mwenzake kazungusha, anadhani hita ni..."

Nikashusha mkono kutoka kwenye mchoro.

Nilimwona mama. Nilimwona jinsi ninavyomwona kila wiki bila kumwona: baada ya chai ya jioni, kitambaa cha jikoni begani, anatembea koridoni taratibu kwa sababu ya goti, anafungua kabati, anafunga kabati. Siku zote nilidhani anatafuta ufagio.

"Endelea," akasema Bwana Mstari.

"Samahani," nikasema. "Kuna mtu nakwenda kumuuliza swali."

Nikatoka. Mchoro ukabaki ukutani, kikombe changu cha maji kikabaki mezani. Baadaye niliambiwa kwamba walinisubiri kidogo, wakadhani ni tumbo. Niliambiwa pia kwamba Bwana Mstari alikaa akiutazama ule mchoro mpaka wengine wote wakaondoka, na Jumatatu alikuja kuniambia bahari ibaki na majira yake, na kwamba nyumbani kwake yeye, mke wake na mama mkwe wake wanatumia hita moja.

Lakini siku ile sikuwa na habari naye. Nilikimbia. Hapo natia chumvi. Nilitembea kwa mwendo wa mtu anayefikiri kwamba anakimbia, na penye kona ya duka la dawa kisigino cha kiatu changu cha semina kikakatika, nikaendelea hivyohivyo, mguu mmoja juu mguu mmoja chini, nikiongea peke yangu. Watu walinipisha njia.

Nilimkuta mdogo wangu sebuleni, funguo za gari mkononi. Mama alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, amevaa gauni la kutokea, mkoba juu ya magoti, saa yake kifuani. Ilikuwa bado robo saa. Mtu mwingine angekuwa ameshaondoka tangu mchana, lakini mama akisema saa kumi ni saa kumi, na sijawahi kuushukuru ukaidi wa mtu kama nilivyoushukuru wa kwake.

"Mama," nikasema, pumzi imenikatika, "hita unaifanyaje?"

"Nimeshakwambia sijaiharibu."

"Najua. Siulizi hivyo. Nauliza unaifanyaje."

Akanitazama, kisha akakitazama kiatu, kisha akanitazama tena. "Naipandisha," akasema. "Jumatano na Jumamosi, baada ya chai ya jioni. Mpaka kwenye nne."

"Kwa nini?"

"Mgongo wako."

"Mgongo wangu?"

"Jumatano una vikao, unarudi umekunjika. Jumamosi unafua. Kesho yake asubuhi hata kuinama kufunga viatu huwezi, unajitia unatafuta kitu chini ya kitanda. Maji ya moto yanalegeza misuli. Nimekaa wodini umri wangu wote, unafikiri sioni?"

Nilikaa kwenye mkono wa kochi. Mimi ninayepima mapigo ya bahari nzima, sikuwa najua kwamba mgongo wangu una ratiba.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza kama nimeharibu," akasema. Sauti ilimshuka kidogo. "Kuharibu sijaharibu. Nikaona basi, kama mtu ananiona mharibifu nyumbani kwake, nisimbane."

Lile lilinichoma kuliko maji yoyote. Nikawaeleza wote wawili, haraka, bila mpangilio: jinsi nilivyokuwa nashusha asubuhi ili yeye asiungue, na kupandisha ili asitetemeke, na jinsi hita inavyosikia leo kilichosemwa jana, kwa hiyo mimi nilikuwa nasahihisha maji ambayo yalikwishapita, na yeye naye keshaongeza la kwake juu.

Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho. "Ngoja nielewe," akasema. "Mlikuwa mnazungusha kidude kimoja, nyinyi wawili, na hakuna aliyemwambia mwenzake."

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye daktari."

"Wa beseni," nikasema.

Alitaka kucheka, akajizuia, akaitazama bandeji. "Sasa mama nani kamuunguza?"

"Hakuna. Yeye alifuata ratiba yake vizuri. Mimi nilirekebisha vizuri. Ukimtafuta mwenye kosa utazeeka. Ni kule kukutana kwetu ndiko kulikofanya maji yasitabirike."

Mama alikuwa anafikiri. "Kwa hiyo katika hiyo bahari yako," akasema, "mimi ndiye jua."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ndiye maji. Yanayochelewa kujibu."

"Ndiyo, mama."

"Hilo nalijua tangu unanyonya."

Mdogo wangu sasa alicheka kweli, nami nikacheka, na mama mdomo ulimcheza upande mmoja. Lakini mkoba ulikuwa bado juu ya magoti yake. Kisha kicheko kikaisha, na mdogo wangu akasimama, akasema yote hayo ni mazuri kuyajua, ila mzigo uko tayari na chumba kimeshatandikwa. Akalishika sanduku.

"Usiende," nikasema.

Lilitoka peke yake, halikupambwa na chochote. Ile hotuba yote niliyoiandika ofisini sikukumbuka hata mstari wake mmoja.

"Umesemaje?" mama akauliza.

"Usiende, mama. Nataka ukae hapa. Nafurahi ukiwa hapa. Nilitaka kukwambia Jumapili. Nilitaka kukwambia tangu mwaka jana."

"Jumapili ulisema tutaona."

"Ndiyo. Nimeona."

Aliishika ile saa, akaigeuza, akaitazama. Mdogo wangu kasimama na sanduku mkononi, mimi na kiatu changu kimoja kirefu na kimoja kifupi.

"Saa kumi imefika," mama akasema, akainuka.

Mdogo wangu akafungua mlango wa mbele.

"Wewe unakwenda wapi?" mama akamuuliza. "Saa kumi naoga."

Akaweka mkoba kwenye kiti, akabandua saa yake kifuani, akaiweka juu ya mkoba, akaelekea koridoni. Tulimfuata wote wawili kama wauguzi wa zamu. Mdogo wangu alininong'oneza: "Maji yatakuwaje?"

Nilifikiri. Jumatano alipandisha. Alhamisi mimi nilishusha, au nilishusha leo asubuhi? Kabla ya hapo ilikuwa kwenye namba ngapi? Yasingekuwa barafu kabisa, wala yasingechemka, maana hita ina mipaka yake kama bahari ilivyo na yake. Lakini wapi hasa kati ya hapo na hapo?

"Sijui," nikasema.

"Miaka yote hiyo ya shule?"

"Miaka yote hiyo. Sijui."

Nikamwomba mama anipishe nipime kwanza. Nikafungua bomba, nikaweka kifundo cha mkono chini ya maji, upande wa ndani, kama alivyonifundisha mwenyewe wakati wa kumwogesha huyuhuyu mdogo wangu. Kabla sijahisi kama ni ya moto au ya baridi akanisukuma nje kwa mkono wake mzima, akasema yeye alipima maji ya kuogea ya watoto wa nusu ya mji huu na hahitaji mkalimani. Mlango ukafungwa.

Tukasimama nje. Maji yakaanza kumwagika. Nilishika kitasa, tayari kuvunja mlango kwa kelele ya kwanza. Hakukuwa na kelele. Maji yaliendelea tu, muda mrefu, mpaka nikaanza kuogopa kwamba amekasirika upya na anaoga ili aondoke msafi.

"Vuguvugu," sauti ya mama ikatoka ndani.

"Ni mabaya, mama?"

"Siyapendi. Si moto, si baridi, kama chai iliyosahauliwa." Maji yakazidi kumwagika. "Na kidude hicho mtu asikiguse tena, si mimi si wewe. Nitayazoea."

Mdogo wangu alilitazama sanduku, akanitazama mimi, akashusha pumzi, akalibeba kulirudisha chumbani kwa mama. Mimi nilikaa chini palepale koridoni, mgongo kwenye kabati la hita, nikavua kile kiatu kizima, nikalia.